Mwenyeji Yuko Wapi? Kirene, Kilwa na Mandhari ya Mji wa Walowezi katika Michezo ya Video

Ikisiri

Michezo ya video yenye maudhui ya kihistoria imekuwa mojawapo ya njia ambazo kwazo vijana wa Afrika Mashariki hukutana na miji ya kale. Makala haya yanachunguza namna mji ulioanzishwa na wageni kutoka ng'ambo unavyojengwa kuwa mandhari ya mchezo, na namna Kiswahili kinavyoweza kuieleza mandhari hiyo. Mifano miwili inalinganishwa: Kirene, mji wa Wagiriki katika pwani ya Libya, unaoonekana katika mchezo wa Assassin's Creed Origins (2017), na Kilwa Kisiwani, unaoonekana katika mchezo wa Civilization VI kupitia nyongeza yake ya mwaka 2018. Makala yanadai kwamba istilahi tunazozichagua, yaani koloni, mlowezi, mwenyeji na mshenzi, huamua ni nani anayeonekana katika mandhari na ni nani anayefutwa. Yanahitimisha kwamba dhana ya Kiswahili ya mwenyeji inatoa kipimo cha kihakiki ambacho dhana ya koloni haiwezi kukitoa. Mjadala unawekwa katika muktadha wa msomaji na mwanafunzi wa mkoa wa Njombe, mbali na pwani zote mbili.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayeishi Njombe au Makambako hakulijua jina la Kirene kwa mara ya kwanza kutokana na kompyuta. Amelisikia kanisani. Katika masimulizi ya mateso yaliyomo katika Injili, anatajwa Simoni Mkirene, aliyelazimishwa kuubeba msalaba. Na katika Matendo ya Mitume wanatajwa watu wa pande za Libya karibu na Kirene, pamoja na Lukio Mkirene miongoni mwa walimu wa Antiokia. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kuwa na jina la mji huu, na hata jina la mwenyeji wake, kabla ya mchezo wowote wa video kubuniwa. Hata hivyo jina hilo lilikuja bila mji: msikilizaji hakuelezwa Kirene ilikuwa wapi, nani aliijenga, wala ni kwa nini mtu wa Libya aitwe kwa jina la mji wa Wagiriki.

Leo kijana wa Njombe anaweza kuuona mji huo kwenye skrini. Anaweza kupita katika barabara zake, kupanda juu ya mahekalu yake na kuitazama bahari kutoka kwenye kilima chake. Jina lililokuwa halina mji sasa limepata mji. Swali linalotuhusu sisi wanafasihi na wanaisimu ni hili: mji huo umepatikana kwa masharti gani, na je, tunayo maneno ya kuuzungumzia darasani?

Swali hili halina maana ya kitaaluma pekee. Dhana ya mandhari hufundishwa katika shule za sekondari kama kipengele cha fani, na mwalimu hutoa mifano kutoka katika riwaya na tamthiliya. Mwanafunzi, kwa upande wake, huja darasani akiwa na uzoefu mwingine wa mandhari, ambao mara nyingi ameupata kwa Kiingereza, katika simu au katika kibanda cha gemu. Iwapo taaluma yetu haitakuwa na la kusema kuhusu uzoefu huo, basi mwanafunzi atauacha mlangoni. Na pamoja nao ataziacha dhana za nani alikuwa mstaarabu, nani alikuwa adui na ardhi ilikuwa ya nani, zikiwa hazijahakikiwa.

2.0 Mandhari: kutoka kutazama hadi kutenda

Neno mandhari limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Asili hiyo bado inasikika: mandhari ni kile kinachoonekana. Katika uhakiki wa fasihi, maana imepanuka ikajumuisha mahali, wakati na mazingira ya kijamii ambamo matendo ya wahusika hufanyika. Hata hivyo taswira ya msingi imebaki ileile. Msomaji yuko nje, mandhari iko mbele yake, na mwandishi ndiye anayeamua lini na kwa kiasi gani aioneshe.

Katika mchezo wa video uhusiano huo unabadilika. Mchezaji ndiye anayeamua kuingia uchochoroni au kupita njia kuu. Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu matini zinazomtaka msomaji afanye kazi ili zisonge mbele, alionesha kwamba matini za aina hii hazisomwi kwa kufungua kurasa tu, bali kwa kuchagua. Henry Jenkins, katika makala yake ya mwaka 2004, alikwenda mbali zaidi akawafananisha watunzi wa michezo na wasanifu wa majengo: hadithi yao wameisambaza katika nafasi, na mchezaji huiokota anapotembea.

Kutokana na hoja hizo tunaweza kutofautisha ngazi tatu za mandhari. Ya kwanza ni mandhari ya kutazamwa, ambayo ni sura ya mahali. Ya pili ni mandhari ya kupitiwa, yaani mahali palivyopangwa ili mchezaji apite, ajifiche, apande au azuiwe. Ya tatu ni mandhari ya kutendwa, nayo ni kanuni zinazoamua mahali hapo panaruhusu kitendo gani na kwa nani. Ngazi hii ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa kiitikadi, kwa sababu kanuni hazionekani. Mchezaji anaweza kuukosoa ukuta uliochorwa vibaya. Ni vigumu zaidi kuikosoa kanuni inayosema kwamba ardhi isiyo na rangi ya taifa lolote haina mtu.

3.0 Kirene: mji uliokwisha kujengwa

Kwa mujibu wa Herodotus, katika kitabu cha nne cha historia yake, Wagiriki wa kisiwa cha Thera walikumbwa na ukame wa miaka saba baada ya kupuuza agizo la ramli ya Delphi lililowataka waende Libya. Hatimaye walituma watu wakiongozwa na Battus. Walikaa kwanza katika kisiwa kidogo cha Platea kwa miaka miwili, kisha katika mahali panapoitwa Aziris kwa miaka sita. Ndipo Walibya wenyewe walipowashawishi kuhama, wakawaongoza kuelekea magharibi, na wakapanga safari ili mahali pazuri kuliko pote, Irasa, papitwe usiku bila kuonwa. Waliwafikisha kwenye chemchemi ambapo, walisema, mvua haikosekani. Hapo ndipo Kirene ilipoanzishwa, kwa kadirio la kawaida mnamo mwaka 631 KK.

Masimulizi haya yana mambo mawili yanayostahili kuangaliwa na mwanaisimu. Kwanza, jina Battus. Watu wa Thera walieleza kwamba mwanzilishi aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na kigugumizi. Herodotus hakukubali, alisema kwamba kwa lugha ya Walibya neno hilo lina maana ya mfalme. Ikiwa alikuwa sahihi, basi mwanzilishi wa mji wa Kigiriki alibeba cheo cha Kilibya, na wenyeji waliweka alama yao katika jina lake kabla hawajapotea katika kumbukumbu. Pili, Walibya katika simulizi hii si mandhari tu. Ni watendaji wenye hila: wanaongoza, wanaficha, wanachagua kile wageni wakione na kile wasikione.

Baadaye uhusiano huo uliharibika. Wagiriki wengine walialikwa kwa ahadi ya kugawiwa ardhi, Walibya wakanyang'anywa maeneo yao, na mfalme wao Adicran akaomba msaada kwa Apries wa Misri. Jeshi la Misri lilishindwa mnamo mwaka 570 KK, mahali palepale pa Irasa ambapo wageni walikuwa wamepitishwa usiku. Kirene ikatajirika kwa nafaka, farasi na silfio, mmea wa dawa na kiungo uliochorwa hata katika sarafu zake. Ilizaa wasomi kama Callimachus na Eratosthenes. Ikawa jimbo la Roma mwaka 74 KK. Magofu yake, karibu na mji wa leo wa Shahhat, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Mchezo wa Assassin's Creed Origins, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi Oktoba 2017, umewekwa katika enzi za Cleopatra na Julius Caesar. Mhusika wake mkuu, Bayek, ni mtu wa oasisi ya Siwa, na safari yake humfikisha Kirene akimfuatilia Mroma mwenye nguvu. Mji anaouingia una umri wa takriban miaka 580. Katika ngazi ya kutazamwa, ni mandhari ya kuvutia na iliyofanyiwa utafiti. Mwezi Februari 2018 kampuni hiyo ilitoa hata namna nyingine ya kuutumia ulimwengu wa mchezo huo, isiyo na mapigano, ambayo humwezesha mtumiaji kutembea na kusikiliza maelezo ya kihistoria. Walimu katika nchi mbalimbali wameitumia darasani.

Hata hivyo, kwa kuwa wakati wa mchezo ni karne ya kwanza KK, tendo la kuanzisha mji limekwisha kupita. Mchezaji anakuta mahekalu, haikuti njia ya usiku. Dhuluma anayoiona ni ya Roma juu ya Kirene, haioni ile iliyotangulia, ya Kirene juu ya Walibya. Hili si kosa la kihistoria, kwa kuwa mtunzi ana haki ya kuchagua wakati wake. Lakini ni tokeo la kifani lenye maana: mji wa walowezi ukishakuwa mkongwe, huonekana kama wa asili.

Kuna jambo jingine linalowahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Sauti ya Bayek kwa Kiingereza ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Baadaye Salim alianzisha studio yake, Surgent Studios, iliyotoa mchezo wa Tales of Kenzera: ZAU mwezi Aprili 2024. Mchezo huo, uliochota katika visaasili vya Kibantu na katika huzuni ya kumpoteza baba, una sauti za Kiswahili ambazo mchezaji anaweza kuzichagua. Kwa njia hii, aliyempa sauti Mwafrika anayepita katika mji wa Wagiriki ndiye aliyefika hadi kuufanya ulimwengu mzima wa mchezo useme Kiswahili.

4.0 Kilwa: mji ulioachiwa lugha na mwenyeji

Kilwa ina simulizi ya mwanzo inayofanana na ya Kirene kwa umbo. Tarehe ya Kilwa imetufikia katika matini ya Kiarabu, katika muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, na katika simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907. Zote zinamtaja mgeni kutoka Uajemi aliyefika kwa jahazi na kukipata kisiwa kwa kutoa nguo. Nguo hizo, kwa mujibu wa masimulizi, zilitosha kukizunguka kisiwa. Mtawala wa awali alihamia bara. Baadaye alitaka kurudi kwa vita, lakini njia ya kuvukia wakati wa maji kupwa ilikuwa imekwisha kuzibwa na bahari.

Tofauti kati ya matini hizi ni za kufundisha. Katika matini ya Kiarabu, wageni wanamkuta kisiwani Mwislamu mwenye familia, na mtu huyo ndiye anayewakalimania katika mazungumzo na mtawala. Mji unaanza, basi, kwa ukalimani. Katika simulizi ya Kiswahili, mwenyeji ana jina, Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake. Mji unaanza kwa ndoa. Simulizi iliyotungwa kwa lugha ya wenyeji ndiyo iliyomkumbuka mama.

Akiolojia na elimu ya jeni zimeyapima masimulizi haya. Uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974, ulionesha kwamba watu waliishi kisiwani katika nyumba za miti na udongo, wakifua chuma na kuvua samaki, kabla ya majumba ya mawe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa jeni za kale za watu 80 wa pwani na sehemu ya karibu na pwani. Utafiti huo ulionesha kwamba wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na nasaba ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba. Na kwamba mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000 BK. Binti wa Mrimba, aliyeachwa nje katika matini nyingine, amerudi kupitia mifupa.

Lakini ushahidi ulio karibu zaidi na taaluma yetu ni lugha. Kirene ilizungumza Kigiriki cha Kidoria, lugha ya walowezi. Lugha ya Walibya ikabaki katika jina moja linalobishaniwa. Kilwa ilizungumza lugha ya Kibantu. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, waliieleza kwa kina historia hiyo: msamiati wa Kiarabu na wa Kiajemi uliingia, lakini upatanisho wa kisarufi, ngeli na mnyambuliko wa vitenzi vilibaki vya Kibantu. Watoto walifuata lugha ya mama zao. Kwa kigezo hiki, Kirene na Kilwa si miji ya aina moja, ingawa visa vyao vya mwanzo vinafanana. Katika mji wa kwanza, mgeni alimmeza mwenyeji. Katika wa pili, mwenyeji alimpokea mgeni na kumfundisha kusema.

Mchezo wa Civilization VI uliiingiza Kilwa Kisiwani mwezi Februari 2018, katika nyongeza iitwayo Rise and Fall, kama mojawapo ya maajabu ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Ajabu hilo hujengwa katika eneo tambarare kando ya bahari, na humpa mjenzi wajumbe wa kupeleka katika miji-dola pamoja na faida zaidi akiwa mlezi wa miji hiyo. Katika ngazi ya kanuni, uamuzi huu una busara: unatambua kwamba nguvu ya Kilwa ilitokana na mahusiano na miji mingine na njia ya dhahabu ya Sofala kuliko na majeshi. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifia uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman. Kanuni za mchezo zimeushika ukweli huo.

Hata hivyo kanuni zilezile zinaruhusu Wagiriki wa Pericles waijenge Kilwa. Ajabu halina wenyewe. Katika mchezo huo huo, Zanzibar imo kama mji-dola unaotoa mdalasini na karafuu, lakini Waswahili hawamo kama taifa ambalo mchezaji anaweza kuliongoza. Miji ipo, watu hawapo. Na kichekesho cha historia ni kwamba mchezo uliotangulia katika mfululizo huo, Civilization IV wa mwaka 2005, ulifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin uitwao Baba Yetu, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulikuwa utunzi wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Kiswahili kilisikika mlangoni, na hakikuonekana ndani ya nyumba.

5.0 Istilahi nne na uzito wake

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa kwa kawaida kuwa koloni ni apoikia. Limeundwa kwa viambajengo viwili: apo, yenye maana ya mbali na, na oikos, yenye maana ya nyumba au kaya. Apoikia ni kaya iliyo mbali na kaya. Mji uliowatuma watu uliitwa metropolis, yaani mji mama. Uhusiano kati yao ulikuwa wa damu, ibada na heshima. Kwa kawaida apoikia ilijitawala.

Neno koloni, kwa upande wake, limetokana na Kilatini kupitia lugha za Ulaya, na limeingia katika Kiswahili pamoja na tajiriba yenyewe. Kwa msomaji wa Njombe halina hali ya kitaaluma tupu. Linamkumbusha utawala wa Wajerumani na Vita vya Majimaji, vilivyofika hapo mwezi Septemba 1905 wakati kituo cha misheni cha Yakobi kiliposhambuliwa na Wabena. Linamkumbusha pia wanaume waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge. Kuiita Kirene koloni ni kuipa Thera mamlaka ambayo haikuwa nayo kwa mbali. Lakini, na hapa ndipo ugumu ulipo, kukataa kuiita koloni kunaweza kuificha ardhi ya Adicran.

Mlowezi ni neno linalofaa zaidi. Linatokana na kitenzi lowea, chenye maana ya kuhamia mahali na kufanya makao huko. Linamtaja mtu na kitendo chake, bila kudai kwamba kuna serikali ya ng'ambo inayomtawala. Wakati huohuo, historia ya walowezi wa Kizungu nchini Kenya imelipa neno hilo kumbukumbu ya ardhi iliyonyang'anywa. Kwa hiyo mji wa walowezi ni tafsiri inayobeba mambo yote mawili, uhamaji na ugomvi wa ardhi. Ndiyo tunayoipendekeza kwa apoikia. Kwa kituo cha biashara ambacho wageni hukaa kwa idhini ya wenyeji, ambacho Wagiriki walikiita emporion, istilahi hiyo haifai. Kiswahili kina bandari, na kina maana nzima ya kusubiri msimu wa pepo.

Istilahi ya tatu ni mwenyeji. Neno hili ni muungano wa mwenye na mji: mwenye mji. Lugha yenyewe imeweka kanuni kwamba mji, kabla ya kuwa na mjenzi, una mwenyewe. Na kwamba anayefika ni mgeni hadi mwenyewe atakaposema vingine. Kanuni hii haimo katika michezo mingi ya kujenga miji. Katika Civilization VI, kundi la walowezi likifika katika ardhi isiyomilikiwa na taifa, mchezaji hubonyeza na mji huzaliwa. Hakuna Mrimba wa kuombwa, hakuna mkalimani, hakuna nguo za kuzungushwa kisiwani. Wanaoishi nje ya mataifa hutokea kama makundi ya kushambulia.

Hapa tunaifikia istilahi ya nne, iliyo nzito kuliko zote. Makundi hayo huitwa kwa neno linalotokana na Kigiriki barbaros, mtu ambaye lugha yake husikika kama makelele yasiyoeleweka. Mfasiri atakayetafuta kisawe cha Kiswahili atakutana upesi na mshenzi. Kisawe hicho ni sahihi kwa namna ya kuumiza. Katika matumizi ya pwani ya karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara, aliyekosa dini na ustaarabu, na neno ustaarabu lenyewe limejengwa juu ya maana ya kujifananisha na Waarabu. Wabena, Wakinga, Wapangwa na Wawanji wa mkoa wa Njombe walikuwa ndani ya kundi hilo. Mchezo ukitafsiriwa hivyo, mtoto wa Njombe atakaa mbele ya skrini akiwafyeka mababu zake kwa jina waliloitwa na wengine. Tafsiri hii haifai. Wenyeji wa nje, au watu wa nje ya mji, ni mapendekezo yasiyo na kashfa, na yanaieleza kanuni ya mchezo kama ilivyo: watu waliokuwapo, ambao mchezo haukuwapa mji. Inafaa kutambua kwamba watunzi wenyewe waliliona tatizo kwa kiasi fulani. Mwezi Februari 2021 waliongeza namna ya kucheza ambayo makundi hayo yanaweza kulipwa, kukodiwa na hatimaye kugeuka kuwa miji-dola.

6.0 Kusoma kutoka Makambako

Inaweza kuulizwa kwa nini mjadala wa miji ya bandari uwekwe katika nyanda za juu kusini, ambako bahari haionekani. Jibu ni kwamba msomaji wa bara humwona mwenyeji kwa urahisi zaidi kuliko msomaji aliyezoea kusimama upande wa jahazi. Kiswahili kilifika kwake kama lugha ya wageni, ya misafara, ya utawala, ya shule na ya kanisa, kabla hakijawa lugha yake. Lakini kilipofika hakikuwa kigeni kabisa: Kibena na Kiswahili vina ngeli, vina viambishi, vina mizizi ya maneno inayofanana. Uhusiano wake na lugha hiyo umebeba pande zote mbili za hadithi ya Kilwa.

Makambako yenyewe inafaa kuwa mfano wa darasani. Ni mji ulioimarishwa na njia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilometa 1,860, ina stesheni hapo. Wafanyabiashara wametoka Makete na kwingineko wakafungua maduka, huku wakiendelea kujenga, kuzika na kufanya matambiko kwao. Kwa maana halisi ya neno, wengi wao wana kaya iliyo mbali na kaya. Mwanafunzi anayelielewa hilo amekwisha kuielewa apoikia vizuri kuliko aliyekariri tafsiri yake kuwa koloni. Na anaweza kuuliza swali linalofuata, kwamba waliowatangulia hapo walikuwa akina nani na walikubaliana nini.

Kutokana na hayo tunapendekeza zoezi jepesi la uhakiki, ambalo halihitaji kompyuta. Mwanafunzi apewe kisa cha Kilwa, kisha aandike mandhari ya mchezo katika ngazi tatu zilizotajwa: nini kinaonekana, wapi panapitika, nani anaruhusiwa kutenda nini. Halafu abadilishe mhusika anayeongozwa, kutoka kwa mgeni wa jahazini hadi kwa Mrimba, na baadaye hadi kwa binti yake. Atagundua kwamba ngazi ya kwanza haibadiliki sana, kwa kuwa kisiwa ni kilekile; ya pili inabadilika kidogo, kwa kuwa mwenyeji anazijua njia za maji kupwa; bali ya tatu inapinduka kabisa. Kwa mgeni, ushindi ni kupata kisiwa. Kwa Mrimba, ni kujua thamani ya nguo kabla hazijakunjuliwa. Kwa binti, huenda ni kuhakikisha kwamba watoto watasema lugha ipi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mandhari ya mji wa walowezi katika mchezo wa video haipimwi kwa usahihi wa majengo pekee. Kirene ya mchezo inaweza kuwa na nguzo mahali pake na bado isimkumbuke aliyewaongoza Wagiriki usiku. Kilwa ya mchezo inaweza kupewa kanuni yenye hekima na bado ijengwe na yeyote. Kipimo tunachokipendekeza ni swali moja, ambalo Kiswahili kimeliweka ndani ya neno la kila siku: mwenyeji yuko wapi? Swali hilo linamfaa mhakiki wa riwaya, mfasiri wa istilahi na mtunzi wa michezo kwa kiwango kilekile.

Kati ya miji hii miwili, mmoja ulipoteza lugha ya wenyeji wake, na mwingine uliirithisha hadi ikafika Njombe. Makala haya yameandikwa kwa lugha hiyo. Taaluma inayoitumia ina wajibu wa kuhakikisha kwamba, michezo itakapoanza kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa wingi, binti wa Mrimba hatapotea tena katika tafsiri.